Mimea ya ukame: Faida iko kwenye miche iliyopona

BIASHARA ya miche ya mapambo huvuta watu wengi kwa sababu haidai mtaji mkubwa. Anayetaka kuianza hahitaji fremu ya duka wala leseni ya kuagiza mali nje. Anahitaji kipande cha uwanja nyuma ya nyumba, vyungu, mchanga, maji kidogo na mimea michache ya kuanzia. Kando ya barabara kuu za Dar es Salaam na Nairobi vitalu vya namna hiyo vimejipanga, vingi vikiwa vya mtu mmoja au familia moja.

Miongoni mwa bidhaa za vitalu hivyo ni mimea ya ukame, yaani ile yenye majani, mashina au mizizi minene inayotunza maji. Wauzaji wengi huiita yote "kaktasi", ingawa kaktasi ni ukoo mmoja tu. Wengine wamezoea kusema sakulenti. Humo mna alovera, sanseveria ambayo wengine huiita mkonge pori, waridi la jangwani, krasula, kalankoe na jamaa za mnyaa. Mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walipojifungia majumbani kwa sababu ya Uviko-19, mimea ya ndani ilipata wateja wapya, na hii ya ukame ilikuwa mstari wa mbele kwa kuwa haina usumbufu.

Sifa inayoiuza ni kwamba haifi. Mteja anaambiwa anaweza kusafiri mwezi mzima akarudi akaikuta. Sifa hiyo ni ya kweli kwa mmea uliokwisha kushika mizizi. Kwa mche uliokatwa juzi si kweli hata kidogo, na hapo ndipo wenye mitaji midogo wanapopotezea fedha zao. Wananunua kwa kuhesabu vipandikizi, wanapanga bei kwa kuhesabu vipandikizi, kisha baada ya wiki 3 nusu ya vipandikizi imegeuka uji.

Katika biashara hii hesabu ya miche iliyopandwa haina maana. Hesabu yenye maana ni ya miche iliyopona.

62 kati ya 1,000

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Zao lililowahi kuitajirisha Tanga lilianza hivyo hivyo, maana mkonge nao ni mmea wa ukame: jani nene, mizizi mifupi, uvumilivu mkubwa wa jua.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche hiyo ilipitia Hamburg, Ujerumani, ndipo ikapelekwa pwani ya Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na 62 hiyo Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 mavuno yalifikia takriban tani 230,000.

Miche 938 ilipotea, lakini iliyobaki ilitosha kwa kuwa mkonge huzaa. Kila mmea ukifikia mwisho wa maisha yake hutoa mlingoti, na juu ya mlingoti huota vichipukizi vingi ambavyo hukusanywa, vikalelewa kitaluni, kisha vikahamishiwa shambani. Mwenye kitalu cha uani anafanya kazi ile ile kwa kiwango kidogo: anatunza mimea mama, anatoa watoto, anawalea, anawauza. Tofauti ni kwamba yeye hana uwezo wa kupoteza 938.

Kinachoua mche

Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana ili kuvuta hewa, na maji hutoka kupitia vinyweleo hivyo. Mimea mingi ya ukame hufanya kinyume chake. Hufunga vinyweleo wakati wa jua na kuvifungua usiku hewa ikiwa ya baridi. Kwa njia hiyo hupoteza maji kidogo sana. Jani nene ni tangi, na mmea hutumia akiba ya tangi hilo polepole.

Kwa mfanyabiashara hii ina maana kubwa. Kipandikizi cha mchicha au cha ua la kawaida kikikatwa, kinaanza kukauka saa ile ile, hivyo lazima kipandwe na kumwagiliwa upesi. Kipandikizi cha mmea wa ukame kimebeba maji yake. Hakina haraka. Kinaweza kukaa mezani siku nyingi bila kupandwa na kisife. Lakini kikipandwa na kidonda kibichi kwenye udongo uliolowa, kuvu na vijidudu vya udongo huingia kupitia kidonda hicho, na lile tangi la maji huwa chakula chao. Kuoza huanzia chini, ambako hakuonekani. Mwenye kitalu anapoona jani limelegea hudhani mmea una kiu, akaongeza maji. Kwa tendo hilo amekamilisha kazi ya kuvu.

Kwa hiyo mimea hii ikiwa michanga huuawa zaidi na huruma kuliko ukame.

Kukata na kukausha

Kazi ya kwanza ni kisu. Kinatakiwa kiwe kikali na kisafi, kifutwe kwa spiriti kabla ya kuanza na kila mara unapobadilishwa mmea mmoja kwenda mwingine. Kisu butu huponda nyama ya mmea, na kidonda kilichopondeka huchelewa kufunga.

Vipandikizi vikishakatwa hupangwa kivulini, mahali penye hewa, juu ya gazeti au chekeche, vikaachwa hadi kidonda kifunge na kuwa na kovu kavu. Jani jembamba la krasula huhitaji siku 3 hadi 5. Kipande cha sanseveria huhitaji wiki moja hivi. Shina nene la jamaa za mnyaa au la kaktasi linaweza kuhitaji wiki 2 au zaidi, hasa pwani ambako hewa ina unyevu. Kipimo si kalenda bali kidole: kovu likiguswa liwe gumu na kavu, lisiache majimaji.

Jamaa za mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huchoma ngozi na ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Anayekata anapaswa kuvaa glavu, kuosha kidonda cha mmea kwa maji safi hadi utomvu ukome, na kunawa mikono kabla ya kugusa uso. Utomvu wa waridi la jangwani nao ni sumu. Katika sehemu mbalimbali za Afrika umetumika kupaka mishale ya kuwindia. Vyungu vya mimea hiyo visiwekwe mahali ambapo watoto au mbuzi wanaweza kutafuna, na muuzaji mwaminifu humweleza mteja hivyo kabla hajapokea fedha.

Alovera ina njia nyepesi zaidi. Mmea mkubwa huzaa watoto kwenye shina lake. Mtoto akishafika kimo cha sentimita 10 hadi 15 na kuwa na mizizi yake mwenyewe, hutenganishwa na mama, akakaushwa siku 2 au 3, akapandwa. Anayemtenganisha mapema ili aongeze idadi hupata vitoto visivyo na mizizi ambavyo hukaa miezi bila kukua. Vitoto hivyo haviuziki, na wakati huo vinakula nafasi ya miche mingine.

Udongo usioshika maji

Udongo mweusi wa bustani peke yake haufai. Hushika maji kwa siku nyingi na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Mchanganyiko unaotumika sana ni sehemu 2 za mchanga mnene au kokoto ndogo kwa sehemu 1 ya udongo na sehemu 1 ya mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi haitakiwi kabisa kwa kuwa huleta joto na vijidudu.

Mchanga wa kufaa ni ule mnene wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa ufukweni, ambao kwa wakazi wa pwani ni wa kuokota bure, una chumvi na huunguza mizizi. Badala ya kokoto mtu anaweza kutumia vipande vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa, chenga za makaa, au maganda ya mpunga yaliyochomwa bila kugeuka majivu. Sehemu zenye mawe ya volkano, kama Arusha au Naivasha, zina changarawe nyepesi yenye vitundu ambayo ni bora kuliko vyote hivi.

Njia ya kupima ni rahisi. Mchanganyiko uloweshwe, ukamatwe mkononi na kuminywa. Ukibaki donge ukiachiwa, mchanga hautoshi. Ukisambaratika, unafaa.

Chungu lazima kiwe na tundu chini. Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua na hukausha mchanganyiko upesi, hivyo humsaidia mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia. Chungu cha plastiki ni cha bei nafuu na chepesi kusafirisha, lakini hukaa na maji muda mrefu zaidi. Kopo la rangi au ndoo kuukuu vinafaa vikitobolewa. Jambo linalokosewa sana ni ukubwa: mche mdogo ukiwekwa kwenye chungu kikubwa, udongo usio na mizizi hubaki umelowa. Chungu kinachozidi kifungu cha mizizi kwa sentimita 2 au 3 kila upande kinatosha.

Kuhamisha

Kuhamisha mche kutoka chungu kimoja kwenda kingine ndiyo kazi inayoongeza thamani. Mche ule ule ukiwa kwenye kiriba na ukiwa kwenye chungu kizuri una bei mbili tofauti. Lakini ndiyo kazi ya pili kwa kuua miche baada ya kupanda kidonda kibichi.

Mche unaotarajiwa kuhamishwa haumwagiliwi kwa siku kadhaa. Udongo mkavu huachia mizizi bila kuikata. Mche ukitolewa, udongo wa zamani hupukutishwa taratibu na mizizi hukaguliwa. Mzizi mzima ni mgumu. Mzizi wa kahawia unaochuruzika maji umeoza na hukatwa hadi kufikia sehemu nzima. Pamba nyeupe kwenye mizizi au kwenye kikwapa cha jani ni dalili ya vidung'ata. Mche wenye vidung'ata hutengwa siku ile ile, kwa kuwa kitalu kizima kinaweza kuambukizwa kutoka chungu kimoja.

Baada ya ukaguzi mche huachwa kivulini siku 2 hadi 7 ili majeraha ya mizizi yafunge. Kisha hupandwa kwenye mchanganyiko mkavu, shingo yake ikiwa usawa ule ule wa mwanzo. Maji ya kwanza hutolewa baada ya wiki moja hivi. Tangu hapo kanuni ni moja: maji mengi hadi yatoke kwa tundu la chini, halafu hakuna maji tena mpaka mchanganyiko ukauke wote. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni, kama inavyofanywa kwa mboga, hulowesha shingo ya mmea na kuacha mizizi ya chini bila kitu.

Kwa wiki 2 za kwanza mche uliohamishwa hukaa chini ya wavu wa kivuli, kisha huzoeshwa jua taratibu. Ukipelekwa moja kwa moja juani hubabuka, na doa la kubabuka halifutiki. Ukiachwa kivulini kupita kiasi hurefuka shingo na kupauka. Yote mawili hushusha bei.

Msimu

Dar es Salaam na pwani yote, wakati mbaya kuliko wote wa kukata na kuhamisha ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Hewa imejaa unyevu, vidonda havikauki, na mvua ya usiku mmoja inaweza kufuta kazi ya miezi. Wenye vitalu huezeka turubai jeupe la plastiki lenye kupitisha mwanga na kusubiri. Juni hadi Agosti pwani ni kukavu na joto limepungua. Huo ndio wakati wa visu, na miche iliyokatwa Juni inaweza kuwa imeshika vizuri kabla ya manunuzi ya mwisho wa mwaka.

Nairobi na nyanda za juu hali ni tofauti. Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu, na mmea wa ukame uliolowa katika baridi huoza upesi. Huko ni bora kungoja Septemba, au kutumia Januari na Februari. Dodoma na maeneo mengine makavu yana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa ukavu wa hewa hufanya nusu ya kazi bila malipo.

Mitego miwili ya bei

Mtego wa kwanza ni sanseveria yenye ukingo wa manjano. Hiyo huwavutia wateja kuliko ile ya kijani tupu. Jani lake moja linaweza kukatwa vipande kadhaa, na kila kipande kikakaushwa na kupandwa, sehemu ya chini ikiwa chini, kitatoa mizizi baada ya wiki kadhaa na mche mpya baada ya miezi. Kwenye karatasi inaonekana ni mgodi. Tatizo ni kwamba mche mpya unaotokana na kipande cha jani hutoka wa kijani. Ule ukingo wa manjano hupotea. Anayetaka kuuhifadhi hana budi kugawa mmea kwenye shina lake la chini ya ardhi, mtoto kwa mtoto, na hiyo ni njia ya polepole. Wapo walionunua mama wa bei kubwa, wakamkatakata, na kuishia na bidhaa ya bei ya chini.

Mtego wa pili ni waridi la jangwani. Wateja hulipia tumbo la mmea, yaani lile shina lililovimba chini. Kipandikizi cha tawi hushika na hutoa maua mapema, lakini kwa kawaida hakifanyi tumbo zuri. Tumbo hutokana na mbegu. Mbegu mpya huota kwa siku chache, lakini zina manyoya pande zote mbili na ganda likipasuka hupeperuka zote. Wazoefu hulifunga ganda kwa uzi kabla halijakomaa. Mche wa mbegu huchukua mwaka mmoja au zaidi kufikia kuuzika, na rangi ya ua lake haiwezi kuahidiwa kabla halijachanua. Anayetaka rangi maalumu hubebesha tawi la rangi hiyo juu ya shina la mbegu.

Hesabu ya uani

Ili kuona athari ya vifo, ifuatayo ni hesabu ya mfano kwa mtu anayeanza na Sh 200,000. Bei za kweli hutofautiana mji kwa mji na kila mmoja anapaswa kuweka za kwake.

Mimea mama: Sh 60,000.
Vyungu 100 vya plastiki kwa Sh 500: Sh 50,000.
Wavu wa kivuli na nguzo: Sh 40,000.
Mchanga, udongo na mboji: Sh 30,000.
Usafiri: Sh 20,000.
Jumla: Sh 200,000.

Akikata vipandikizi 100, kila kimoja kimemgharimu Sh 2,000 kabla ya kuhesabu jasho lake. Tuseme bei ya kuuzia ni Sh 4,000. Wengi huishia hapo na kusema faida ni mara 2.

Miche 80 ikipona, mauzo ni Sh 320,000 na ziada ni Sh 120,000. Ikipona 50, mauzo ni Sh 200,000: amefanya kazi miezi 4 au 5 bure. Ikipona 40, mauzo ni Sh 160,000, na Sh 40,000 ya mtaji imezikwa. Kati ya faida ya Sh 120,000 na hasara ya Sh 40,000 kuna miche 40 tu. Miche hiyo haikufa kwa sababu ya soko, ushuru au mshindani. Ilikufa kwa kupandwa siku 3 mapema au kwa ndoo moja ya maji.

Duru ya pili ndiyo yenye faida zaidi. Wavu upo na mimea mama ipo. Gharama ni vyungu, udongo na usafiri, jumla Sh 100,000. Miche 80 ikipona na kuuzwa kwa bei ile ile, ziada ni Sh 220,000. Sharti ni kwamba mimea mama isiwe imeuzwa. Mteja mwenye gari hupita, akaona mama aliyejaa vizuri, akataja bei ya kuvutia, na karo ya mtoto inadaiwa. Anayeuza mama siku hiyo amekula mbegu. Ni busara kuiweka mimea mama nyuma ya kitalu, isionekane barabarani.

Mali ya porini

Wapo wanaoona njia ya mkato: kwenda porini na jembe. Mashubiri, waridi la jangwani na jamaa za mnyaa humea zenyewe katika nyika za Afrika Mashariki, na kung'oa kunaonekana hakuna gharama.

Gharama ipo. Mmea mkubwa uliong'olewa porini umekatwa mizizi mingi, na mara nyingi hufa baada ya kuuzwa, ukiwa mikononi mwa mteja. Muuzaji hupata bei mara moja na kupoteza jina. Kuna pia sheria. Karibu mashubiri yote, isipokuwa alovera ya kawaida, pamoja na jamaa nene za mnyaa na karibu kaktasi zote, yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Kuvusha mimea hiyo mpakani kunahitaji kibali, hata kama imezalishwa kitaluni. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mashubiri ya porini kwa agizo la rais mwaka 1986, na mwaka 2007 ikatunga kanuni za kuusimamia. Tanzania ina Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inayodhibiti uvunaji wa mazao ya misitu.

Afrika Kusini inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Kuanzia mwaka 2019 hivi, mahitaji ya wakusanyaji wa ng'ambo yalisababisha wizi mkubwa wa vimimea vidogo vya jamii ya Conophytum katika nyika za Namaqualand. Makundi ya mimea iliyochukua miaka mingi kukua yalifagiliwa, na watu wengi walikamatwa. 

Anayetaka kuuza nje kihalali huhitaji pia cheti cha afya ya mimea. Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Kenya na KEPHIS. Nchi nyingi hazipokei mimea yenye udongo, hivyo husafirishwa mizizi ikiwa mitupu na misafi.

Bidhaa isiyo na haraka

Hapo ndipo mimea hii inapoyashinda maua ya kukata. Waridi lililokatwa lina siku chache. Likikosa ndege, limekosa soko. Mche wa ukame ukipukutishwa udongo, ukakaushwa na kuviringishwa kwenye gazeti, unaweza kukaa kwenye boksi wiki nzima ukafika mzima. Kwa muuzaji wa Morogoro mwenye mteja Mwanza, basi la abiria linatosha. Wiki ya mauzo mabaya nayo haimwangamizi. Mali isiyonunuliwa leo inaendelea kukua, na mche wa kesho ni mkubwa kuliko wa leo.

Wanunuzi nao ni wa aina nyingi: wapangaji wa nyumba zisizo na bustani, ofisi, hoteli, na wenye sherehe wanaotaka zawadi ndogo ya kumpa kila mgeni. Hao wa sherehe hununua kwa wingi lakini huhitaji miche inayolingana kimo, na agizo lao lazima lianze kukuzwa miezi kadhaa kabla. Asiye na kumbukumbu za tarehe hawezi kulikubali agizo la namna hiyo.

Kuhusu aina adimu zenye bei kubwa, tahadhari inahitajika. Mmea ukiwa adimu leo, vitalu vikubwa vya Asia na Ulaya huuzalisha kwa maelfu, na bei hushuka. Mwenye mtaji mdogo anayenunua mama mmoja kwa bei ya kilele anabeba hatari yote peke yake. Alovera, sanseveria na krasula hazisifiwi magazetini, lakini huuzika mwaka mzima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kitalu linahitaji safu 5 tu: tarehe ya kukata, tarehe ya kupanda, idadi iliyopandwa, idadi iliyopona baada ya wiki 8, na sababu ya iliyokufa. Baada ya duru 2 daftari hilo litamwonyesha mwenyewe kama adui yake ni masika, udongo au mkono wake wa kumwagilia. Bei ya kuuzia ipangwe kutokana na safu ya nne, wala si ya tatu.